Mdudu Hatembei Juani

Fundi alilowesha kidole gumba kwa ulimi, akakipitisha taratibu juu ya kizingiti cha mlango kilichokuwa kimelazwa kwenye meza yake ya kazi. Kidole kilipofika mahali ambapo mimi sikuona kitu, kikasimama.

"Weka chako hapa."

Niliweka. Chini ya ngozi nilihisi mfereji mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Ulijipinda kati ya majani mawili ya nakshi, ukalikata ua moja katikati ya petali zake, kisha ukazama tena ndani ya mti. Nilimuuliza ni nini. Akasema ni njia ya mdudu.

Nikamwambia basi ni jambo jema. Mlango wa zaidi ya miaka mia, kama ulivyoelezwa, ungekosaje kuliwa na wadudu? Si ndiyo dalili yenyewe ya ukale?

Alinyamaza kidogo, akapuliza unga uliokuwa kwenye nakshi, akasema: "Mwanangu, mdudu hatembei juani."

Nilikuwa nimeingia karakanani kwake kwa bahati tu. Nilikwenda Bagamoyo kwa kazi nyingine kabisa, mvua ya masika ikanikuta nyuma ya mji mkongwe, nikakimbilia banda la kwanza la makuti nililoliona. Ile kazi nyingine niliimaliza siku hiyohiyo na nimekwisha kuisahau. Sentensi ya fundi sikuisahau. Ilinifuata kwenye daladala hadi Dar es Salaam, ikakaa nami wiki nzima, mpaka nikaamua kurudi nikae naye siku mbili ili anifundishe kusoma mlango.

Ameniomba nisiandike jina lake, na sababu yake ni ya haki. Wanaomletea kazi ni haohao wanaouza. Wakisoma hapa kwamba anajua kuufichua uongo wa mbao, hawatamwuliza ni nani aliyemruhusu kusema. Watapeleka kazi kwingine. Kwa hiyo tumwite fundi, kama anavyoitwa na mtaa mzima. Ana miaka sitini na kitu. Alijifunza patasi kwa mjomba wake, na kwa miaka zaidi ya arobaini amekuwa akichonga, akiunga na akifufua milango ya pwani hii, kuanzia Kunduchi hadi Pangani.

Mlango uliokuwa mezani si wake. Umeletwa na mfanyabiashara, ambaye fundi humwita "tajiri" bila kinyongo. Umefika kwa vipande: miimo miwili, kizingiti cha juu, kizingiti cha chini, mbao mbili za mlango zenye vifundo vya shaba, na mfaa wake wa katikati. Kazi aliyopewa ni "kuumalizia", yaani aziunge sehemu zinazocheza, azibe nyufa, ang'arishe shaba kidogo, lakini asiing'arishe sana. Mnunuzi yuko tayari, na ameambiwa kwamba mlango wote ulitoka nyumba moja.

Sasa turudi kwa mdudu, maana ndiye aliyenirudisha Bagamoyo.

Mdudu wa mbao, fundi alinieleza, si mchwa. Mchwa ni jeshi. Huja na udongo wake, hujenga barabara ya tope hadharani, hula mpaka nyumba ikalia. Mdudu wa mbao ni mpweke. Mama yake hutaga mayai kwenye vinyweleo vya mti au ndani ya ufa mdogo, kisha huenda zake. Buu akianguliwa huingia ndani, na huko ndani ndiko ulimwengu wake wote. Anakula mbele, anaacha unga nyuma. Anakata kulia, anarudi kushoto, anazunguka, miezi mingi, wakati mwingine miaka, gizani, bila kujua kwamba nje kuna mchana. Hata akikaribia uso wa ubao hautoboi. Huacha ngozi nyembamba ya mti kati yake na hewa, nyembamba kama karatasi, kisha hugeuka kurudi ndani.

Hutoka mara moja tu. Akishakomaa na kupata mabawa, hutafuna njia fupi ya mwisho moja kwa moja kuelekea nje, hutoboa tundu dogo la mviringo, na huruka. Kwa hiyo uso wa ubao ulioliwa huonyesha matundu tu, kama sindano ilipita. Safari zake zote zile za kujipinda ziko ndani, zimefunikwa.

"Sasa niambie," fundi alisema, "ukiiona safari yenyewe, imelala wazi usoni kama mto unaouona ukiwa juu ya mlima, ni nani aliyeifunua?"

Mdudu hakuifunua. Aliyeifunua ni mtu mwenye msumeno au randa. Mti uliliwa kwanza, ulipasuliwa baadaye, ukachongwa mwisho. Alichukua tochi, akaimulika kwa pembeni ili mwanga ulale juu ya nakshi, akanionyesha mahali mfereji unapokutana na ua. Kingo za petali pale zimemeguka vipande vidogo sana, kwa sababu patasi ilipofika kwenye mfereji ilikuta tayari pana uwazi, ikakosa mti wa kuegemea. Kama ua lingekuwepo kabla, buu angepita chini yake na petali zingebaki nzima.

"Ua hili ni changa kuliko mdudu," alisema. "Mdudu ni mzee wake."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Ubao ule ni wa kale kweli. Fundi anadhani ulikuwa boriti au ubao wa ghorofa katika nyumba iliyoanguka. Ni mti mzito uliokauka miongo mingi, wenye rangi ya ndani ambayo haipatikani dukani. Ukiupeleka maabara ukapimwa umri kwa kaboni, maabara itakwambia mti ni wa zamani, na itakuwa imesema kweli, kwa sababu kipimo hicho husoma umri wa mti na hakijui lolote kuhusu patasi. Msumeno ukipita ndani yake utatoa harufu ya kale. Mashahidi wote wanaoaminika wamenunuliwa bila wenyewe kujua. Amebaki mdudu mmoja aliyekufa zamani, aliyeacha alama ya mwendo wake, na ambaye aliyeghushi hakumfikiria.

Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa Bagamoyo ni nini. Anaijua kama mwisho wa safari za misafara ya pembe na ya watumwa kutoka bara, anajua kwamba Wajerumani waliifanya makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, na amewahi kusimama kwenye Ngome Kongwe au chini ya minazi ya Kaole. Milango ni sehemu ya utajiri wa siku zile. Mwenye mali alijitambulisha barazani kwa mlango kabla hajafungua kinywa. Ipo yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na maandishi ya Kiarabu, na ipo yenye upinde na vifundo vya shaba vilivyokuja na mtindo wa India. Mbao zilikuwa msaji ulioletwa kwa majahazi, au mbambakofi na mfenesi wa hapahapa. Nyumba zilipoachwa na paa kuanza kuvuja, mlango ndio uliotangulia kuondoka, kwa kuwa ndio uliokuwa na bei.

Bei hiyo ndiyo imezaa ufundi wa pili, wa kuficha. Mlango uliokamilika hauuzwi bei moja na mlango uliopungua. Mwimo mmoja ukiwa umeoza chini, kizingiti kikiwa kimepotea, ubao mmoja ukiwa wa mlango mwingine, thamani huporomoka. Basi kinachokosekana hutengenezwa, na kilichotengenezwa huzeeshwa.

Fundi alinipa somo lake kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe una hekima. Kwanza pua, kabla ya macho. "Macho yanapenda kudanganywa," alisema, "pua haina tamaa." Mbao mpya huzeeshwa kwa chai ya rangi iliyochemshwa ikakolea, kwa oili chafu ya gari, kwa rangi ya viatu, kwa moshi. Kila kimoja kina harufu yake, na harufu hukaa pembeni, kwenye maungio, ambako kitambaa hakikufika. Alinifanya ninuse kona ya mwimo wa kushoto, kisha wa kulia. Wa kushoto ulinuka vumbi na chumvi. Wa kulia ulinuka gereji.

Pili mgongo. Hakuna aliyeufikiria mgongo wa mlango alipouchonga, kwa sababu ulitazama ukuta au ndani ya ukumbi. Kwa hiyo mgongo husema kweli. Mbao zilizopasuliwa kwa mkono, na msumeno mrefu wa watu wawili, zina mistari iliyonyooka isiyolingana, kwa maana mikono huchoka, hupumzika, hubadilishana. Mbao za mashine yenye msumeno wa duara zina mikwaruzo ya upinde, yote sawasawa. Ukiona mikwaruzo hiyo imepakwa rangi nyeusi kwa uangalifu, jiulize ni kwa nini mtu apake rangi mahali pasipoonekana.

Tatu, mahali mlango unapozungukia. Hapa fundi alichangamka. Milango ya kale ya pwani haikuwa na bawaba. Kila ubao ulikuwa na vigingi vyake, kimoja juu na kimoja chini, na ubao ulizunguka vigingi hivyo vikiwa ndani ya matundu yaliyochimbwa kwenye vizingiti. Miaka mingi ya kufungua na kufunga hulipanua tundu la chini na kulitia umbo, kama yai lililolala, na uzito wa ubao huacha upinde uliosagika juu ya kizingiti. Tundu lililochimbwa juzi ni la duara kamili na kingo zake ni kali. Kama kuna bawaba za chuma na hakuna matundu kabisa, basi fremu hiyo na mbao hizo zimekutana ukubwani.

Nne, misumari na pini. Msumari uliofuliwa na mhunzi una kichwa kisicholingana na mwili wenye pembe. Msumari wa kiwandani wa siku hizi ni duara kutoka juu hadi chini. Skrubu ya nyota, ile yenye alama ya msalaba kichwani, ilianza kutumika viwandani Marekani katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo ikikutwa chini ya kifundo cha shaba kinachodaiwa kuwa cha enzi za Sultani, kuna mtu aliyepita hapo baadaye. Pini za mti husema zaidi. Mti husinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Pini iliyochongwa duara miaka mia iliyopita leo ni bapa kidogo, na mara nyingi imechomoza nje ya ubao kwa unene wa kucha, kwa sababu ubao umesinyaa na yenyewe haikupungua urefu. Nilifumba macho nikapapasa. Vidole viliziona kabla yangu.

Tano, chelewa. Fundi alichomoa njiti moja kwenye ufagio, akaichonga ncha ikawa nyembamba kama sindano, akaiingiza kwenye tundu la mdudu juu ya mwimo wa kushoto. Iliingia kidogo, ikagoma, ikapinda. Ndani njia ilikuwa imekata kona. Akaihamishia kwenye tundu la mwimo wa kulia. Iliingia moja kwa moja hadi mwisho, ikasimama. La pili, hivyohivyo, na kina kilekile. La tatu, hivyohivyo. "Huyu ni mdudu wa umeme," alisema kwa huzuni. Matundu yalitobolewa kwa drili. Aliyeyatoboa alijua kwamba wanunuzi wameanza kutafuta matundu, akawapa matundu. Hakujua kwamba mdudu hajui kunyooka.

Sita, maandishi. Kizingiti cha juu kina mstari wa Kiarabu, na fundi, aliyesoma chuoni utotoni, aliusoma kwa sauti ya chini, akakwama. Nukta moja iko juu ya herufi mahali ilipopaswa kuwa chini. Aliyechonga alinakili umbo bila kulisoma. "Mchongaji wa zamani aliogopa kukosea neno la Mungu juu ya mlango wa mtu," alisema. "Asiyejua anachoandika hana cha kuogopa."

Mwisho wa somo, mlango ule niliokuwa nimeuona mmoja ulikuwa umegawanyika mbele ya macho yangu. Mwimo wa kushoto na mbao mbili ni za kale na ni za pamoja. Mfaa ni wa kale lakini wa mlango mwingine, kwa kuwa matundu yake ya misumari hayakutani na ya ubao. Mwimo wa kulia ni mpya mtupu. Kizingiti cha chini ni kipya. Kizingiti cha juu, chenye mdudu wetu, ni mti wa kale na kazi ya jana.

Nilimuuliza swali ambalo nadhani wewe msomaji umekwisha kuliuliza. Ubaya uko wapi? Mlango ungebaki vipande bila kizingiti, ungekuwa kuni. Sasa una mwili tena.

Alinijibu kwa kunisimulia kosa lake mwenyewe. Alipokuwa kijana aliitwa kwenye nyumba moja ambako mchwa walikuwa wamekula nusu ya chini ya mwimo. Alitafuta mti wa rangi ileile, akakata kiungo cha mshazari, akaendeleza nakshi jani kwa jani, akaizeesha. Mwenye nyumba alipiga makofi. Kwa miaka alikuwa akipita mbele ya nyumba ile kwa fahari, akiwasikia watu wakisema mlango huu haujaguswa tangu ujengwe. Kisha mtoto wa mwenye nyumba akamwita tena, mwimo una ufa, unahitaji kazi. Fundi alichuchumaa na tochi akatafuta kiungo chake mwenyewe ili asikate hapo.

"Nilikikosa," aliniambia. "Nilitafuta asubuhi nzima. Mkono wangu mimi, nikaukosa. Nikaogopa. Nikajiuliza, kama mimi niliyekata sikijui, nikifa atakijua nani? Atakuja mtu asome nakshi yangu aseme hivi ndivyo wazee walivyochonga. Atawafundisha watoto. Nami nilikuwa nabahatisha."

Tangu siku hiyo, kila kiraka anachoweka huandika mwaka kwa penseli nyuma yake, upande unaotazama ukuta. Wateja hawajui. Mbao zake, kuanzia Kunduchi hadi Pangani, zimebeba tarehe mgongoni.

Sikumwambia siku ile, kwa kuwa sikutaka kumkatisha, lakini alichokigundua akiwa amechuchumaa na tochi wengine walikigundua mezani na wakakiandika. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice, Italia, wakakubaliana mkataba unaosema kwamba sehemu mpya inayojaza pengo lazima ipatane na jengo zima, lakini pia iweze kutofautishwa na ya asili, ili ukarabati usighushi historia. Marekani, wakusanyaji wa vitabu vya vibonzo vya zamani, vijitabu vya karatasi duni vilivyouzwa senti kumi enzi za Superman wa kwanza mwaka 1938, wamefika palepale kwa njia ya soko. Wino uliofifia huguswa kwa kalamu, kona iliyochanika hujazwa karatasi, kingo hukatwa zionekane mpya, na mnunuzi hujifunza kumulika kwa taa ya urujuanimno na kupima upana kwa rula. Kampuni ya CGC, iliyoanza kuvipima vitabu hivyo mwaka 2000, hukifungia kitabu kwenye kasha la plastiki, na kile kilichotengenezwa hupewa lebo ya zambarau. Hakitupwi. Huuzwa kwa jina lake halisi, na kwa kawaida bei yake hushuka.

Siku ya pili nilimweleza fundi habari hiyo. Alicheka kwa mshangao wa kweli. "Kumbe hata karatasi!" Kisha akafikiri. "Hiyo lebo ya zambarau, mimi niibandike wapi?"

Hapa kwetu tuna sheria, na ni ya mwaka huohuo wa 1964. Sheria ya Mambo ya Kale, iliyorekebishwa mwaka 1979, inaitaja milango waziwazi: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kabla ya mwaka 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki ni kitu kinacholindwa, na hakitoki nchini bila kibali. Aliyeandika kifungu hicho aliipenda milango hii. Lakini tazama kinavyogeuzwa. Kwa mnunuzi, mlango una zaidi ya miaka mia. Ukifika kwenye karatasi za kusafirisha, mlango uleule unakuwa umechongwa mwaka jana. Mlango mmoja, umri wa aina mbili, kila umri na mahali pake pa kusemwa. Vile viraka vilivyofichwa dukani hugeuka ushahidi bandarini: tazama, mwimo huu ni mpya.

Na mlango wetu wa mezani, wenye mwimo wa kushoto wa kale na wa kulia wa juzi, unalindwa au haulindwi? Ukilindwa, inalindwa sehemu ipi? Na kama mlango mmoja wa kweli ulivunjwa ukagawanywa, mwimo mmoja huku, mwingine kule, kizingiti kwingine, kila kipande kikajengewa mwili mpya, hapo mambo ya kale yameongezeka yakawa matatu au yamepungua yakawa sifuri? Nimeyauliza maswali haya kwa sauti katika karakana ile, na mvua peke yake ndiyo iliyojibu.

Kuna lingine linalonichoma zaidi. Mlango huo wa kweli ulitoka kwenye nyumba. Mahali fulani kati ya Bagamoyo na Pangani pana uwazi ukutani uliozibwa kwa bati au matofali. Kizingiti kilichotoka pale kilikanyagwa na bibi harusi na kupitishiwa jeneza. Ukarabati wa siri haumwibii mnunuzi pesa zake tu. Unachanganya kumbukumbu za nyumba mbili au tatu hadi hakuna mjukuu atakayeweza kusimama mbele ya mlango popote duniani na kusema, huu ulikuwa wetu.

Fundi alilisema kwa namna yake. "Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ziba ufa, kisha uape kwamba haukuwepo."

Niliporudi kwa mara ya mwisho, wiki tatu baadaye, mlango ulikuwa umesimama. Umeungwa, umepakwa nta, shaba inang'aa kidogo kama alivyotaka tajiri. Ulikuwa mzuri. Lazima niseme hivyo, ulikuwa mzuri sana. Nilipanda kwenye kibao nikalowesha kidole gumba, nikakipitisha juu ya kizingiti cha juu. Kiliteleza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama popote.

"Umeuziba," nilisema. Sikuweza kuficha kuvunjika moyo.

"Nimeuziba. Ndiyo kazi niliyolipwa."

Alifagia maranda chini ya meza kwa muda, akiwa amenipa mgongo. Kisha akanipa tochi. "Mulika kwa pembeni. Na uinamishe kichwa, usisimame kama mnunuzi."

Niliinamisha shingo mpaka shavu likagusa mti. Mwanga ulipolala, nakshi yote iling'aa kwa nta, isipokuwa uzi mmoja. Uzi ule haukung'aa. Ulikuwa umefifia, mwepesi wa rangi kidogo kuliko mti uliouzunguka, ukijipinda kati ya majani mawili, ukilikata ua, ukizama. Alikuwa ameujaza nta na unga wa mbao wa rangi nyingine, kwa makusudi. Safari yote ya mdudu ilikuwa palepale, imeandikwa upya kwa wino hafifu.

"Tajiri ameuona?"

"Tajiri hainami."

Nimejiuliza mara nyingi tangu hapo kama huo ni ukweli au ni nusu yake, kama mtu anayeacha alama kwa ajili ya anayetafuta amewatendea haki wasiotafuta. Sijapata jibu ninaloweza kulala nalo. Nilimuuliza kama naweza kuandika ni ua lipi. Alifikiri muda mrefu, patasi mkononi, akaitazama njia ambako lori lingekuja kuuchukua mlango Ijumaa.

"Andika," alisema. "Usiandike mlango ni wa nani. Andika ua."

Ni la tatu kutoka kushoto.